Fimbo ya Gaju

Kila mwaka, mwezi wa tano, serikali ilikuja Gikondo kuangalia kama mguu wa Révérien umeota tena.

Serikali yenyewe ilikuwa mtu mmoja tu, Bwana Bayingana, afisa wa ustawi wa komini, yaani halmashauri ya eneo, mwenye suruali iliyonyooka kwa pasi na jalada la kijani kwapani. Alikaa kwenye kiti kilekile cha kila mwaka, akakataa chai mara mbili, akaikubali mara ya tatu, kisha akasema kwa aibu kidogo, maana hakuwa mtu mbaya:

"Mzee Révérien, unisamehe. Lazima nione."

Révérien akapandisha suruali. Chini ya goti la kulia palikuwa na mguu wa mti na ngozi aliopewa miaka saba iliyopita, baada ya jeki ya lori kuteleza gereji na lori kumshukia. Mkanda wa asili ulishakatika. Sasa mguu ulifungwa kwa mpira wa ndani wa tairi, na kila hatua ulilia kwii, kwii, hata majirani walijua amerudi kabla hajafika mlangoni. Mafundi wenzake walimshauri autie grisi. Alishautia grisi.

"Bado haijaota," alisema Révérien. "Lakini mwaka huu mvua iko nzuri. Rudi mwezi wa kumi na mbili."

Gaudiose, mkewe, aliangua kicheko huko jikoni. Bayingana akauma mdomo asicheke mbele ya jalada, akaanza kuuliza maswali yake. Nyumba? Ya kupanga. Redio? Moja, inasema ikipigwa kofi. Viti? Vinne, na kimoja umekikalia. Shamba? Hakuna. Ng'ombe?

"Hakuna. Ng'ombe nitaweka wapi, Bwana Bayingana? Chini ya kitanda?"

"Ni fishi inauliza, si mimi," alisema Bayingana, akagonga muhuri kwenye karatasi yake, yaani fishi hiyo. Kisha uso wake ukafunguka. "Sasa habari nzuri. Komini imekubali. Mguu mpya utalipwa."

Gaudiose alitoka jikoni na mwiko mkononi. Kwa miaka mitatu walikuwa wameomba mguu ule. Fundi Jean-Berchmans, mwenye karakana ya miguu ya bandia nyuma ya maghala, alikuwa ameshachukua vipimo na alihitaji wiki tano tu. Ungekuwa mwepesi, wenye kifundo kinachokunjika, na bei yake Révérien asingeifikia hata angeuza redio, viti na mkewe. Tena mwenye gereji, Jean-Luc, alikuwa amesema mbele ya mashahidi: siku Révérien atakapoweza kusimama saa nzima bila kushika ukuta, kazi yake ipo. Kwa hiyo mguu ulikuwa kazi, na kazi ilikuwa kila kitu kingine.

"Jambo moja tu," alisema Bayingana akifunga jalada. "Komini inalipa siku mguu unapotoka. Kama kadi yako ya ulemavu imefutwa kabla ya hapo, mguu unabaki karakana."

"Ifutwe kwa nini?"

"Mali. Mtu akipata nyumba, shamba au ng'ombe, anatoka kwenye orodha. Ndiyo sheria."

Hapo wote watatu walicheka pamoja. Kati ya vitu vyote ambavyo Révérien hakuwa navyo duniani, ng'ombe ndiye aliyeongoza.

* * *

Siku nne baadaye Shangazi Mukunde alifariki huko Gahanga. Alikuwa na umri ambao mwenyewe alikataa kuutaja, na alikufa asubuhi, baada ya kulalamika kwamba maziwa yamepoa. Watu walimlia kama anavyoliliwa mtu aliyeishi vizuri: machozi kidogo, hadithi nyingi. Révérien alimpenda. Shangazi ndiye aliyempokea alipokuja kutoka Bujumbura akiwa kijana, na spana mbili na shati moja.

Jumamosi, siku moja kabla ya kuondoa matanga, binamu yake Silvère aliingia Gikondo amevaa koti zito na kubeba siri nzito zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa, na alianza kuzungumza hivyo hata kabla ya kukaa.

"Révérien ndugu yangu, masenge Mukunde alisema neno kabla ya kufa. Tulisikia watu watatu. Shamba limekwenda kwa watoto wa marehemu kaka yako. Na Gaju..." Alinyamaza makusudi, kwa raha ya kunyamaza. "Gaju iko yako."

Gaju alikuwa ng'ombe wa shangazi: mwekundu, pembe ndefu zilizopinda vizuri, macho ya bibi harusi. Révérien alihisi furaha ikimpanda toka kwenye mguu uliopo hadi kwenye mguu usiokuwepo. Fundi wa magari tangu lini akawa mtu wa ng'ombe? Akainuka amkumbatie Silvère, kwii, kwii, na katikati ya chumba akasimama. Alikuwa amekutana na macho ya mkewe.

"Alida," aliita Gaudiose. "Lete ile kadi ya baba yako."

Binti yao Alida alisoma shule ya sekondari, na ndiye aliyekuwa macho ya nyumba kwa kila kilichoandikwa Kifaransa. Aligeuza kadi akasoma nyuma, polepole, akitafsiri. Anayepokea mali anaondolewa kwenye orodha siku hiyohiyo. Aliyekwisha kupokea, kisha akauza au akagawa, anahesabiwa kuwa nayo bado kwa mwaka mzima.

"Basi hata kumgawa haisaidii," alisema Alida.

Gaudiose alikaa kitako. "Mungu wangu. Miaka saba hatuna kitu, hakuna anayetusumbua. Tunapata ng'ombe moja, tunakuwa maskini."

"Mguu unatoka lini?" aliuliza Silvère.

"Mwisho wa mwezi wa sita. Wiki nne."

"Basi baada ya wiki nne atakuwa na mguu na ng'ombe."

"Ndiyo! Kama mtamwachia asipokee kesho. Asikatae, Silvère. Aombe siku tu."

Silvère alimtazama kana kwamba amependekeza wamle shangazi. "Mama Alida. Mtu anapewa ng'ombe mbele ya watu, ananyoosha kidole anasema ngoja? Watasema ana wazimu. Watampeleka hospitali ya Ndera na mimi nitalipa gari."

Walibishana mpaka chai ikaisha na maji ya chai yakaisha. Mwishoni Silvère alikubali kwa shingo upande. Kesho angenyoosha fimbo ya kuchungia kama desturi ilivyotaka, kwa sababu ng'ombe wa urithi hakabidhiwi kwa kamba, anakabidhiwa kwa fimbo. Na Révérien angesimama, angemshukuru marehemu, angeomba mwezi mmoja wa kujiandaa. Fimbo asingeigusa.

"Hata kidole," alisema Gaudiose.

"Hata kidole," aliapa Révérien.

* * *

Gahanga ilikuwa imelowa. Mvua ya usiku ilikuwa imeugeuza ua wa shangazi kuwa matope mekundu, lakini watu walikuja kwa wingi, kwa sababu pombe ya ndizi ilikuwa ya marehemu mwenyewe, aliyoikamua kabla hajafa, na hakuna aliyetaka kumvunjia heshima. Révérien aliletwa nyuma ya baiskeli kutoka Kicukiro, mguu wa mti umenyooshwa mbele. Gaudiose alitembea pembeni akimrudishia hotuba yake neno kwa neno.

Mtu wa kwanza waliyemwona chini ya mgomba alikuwa Bwana Bayingana, kikombe mkononi.

Gaudiose alisimama. "Na wewe unatafuta nini huku?"

"Mama yangu anakaa nyumba ile pale," alisema Bayingana, naye ameshtuka vilevile. "Mukunde alinibeba mgongoni. Leo siko kazini, mama."

Alisema kweli. Hakuwa na jalada. Lakini mtu aliyeandika fishi kwa miaka kumi na mbili macho yake hayaendi likizo, na Gaudiose alijua hivyo.

Wakati ukafika. Gatera, jirani aliyemchunga Gaju kwa miaka tisa kwa malipo ya maziwa na samadi tu, alimleta ng'ombe katikati ya ua. Alikuwa amemwosha mpaka anang'aa. Alimpapasa shingoni kama mtu anayeaga, bila kumtazama yeyote. Silvère akaita jina la Révérien, akasimulia wema wa shangazi, akanyoosha fimbo.

Révérien aliinuka. Aliweka mikono nyuma kama alivyofundishwa.

"Ndugu zangu," alianza, "masenge alinipenda, na mimi..."

Mpira wa tairi ukakatika.

Ulikatika kwa sauti kubwa, paa, na mguu wa mti ukaelekea upande wa Bugesera wakati mwenyewe anaelekea mbele ya ng'ombe. Mkono wa kushoto ulipunga hewani ukikosa cha kushika. Mkono wa kulia ulitafuta ukuta, mti, mtu, chochote, na palikuwa na kitu kimoja tu mbele yake. Aliishika fimbo. Aliishika kwa nguvu zake zote, akaning'inia, na Silvère upande wa pili akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kisha wanawake wakapiga vigelegele.

"Amepokea!" alipiga kelele mzee mmoja. "Angalieni alivyo na hamu!"

Makofi yakalia. Watu wakamwinua, wakamkumbatia, wakamrudishia mguu wake na pole nyingi na pombe zaidi. Révérien alitabasamu kwa kila mtu, kwa sababu huwezi kununa siku umepewa ng'ombe, huku moyo wake umekufa kabisa. Gaudiose aligeuka kumtafuta Bayingana. Bayingana alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu.

* * *

Barua ya komini ilifika Jumatano. Aje Ijumaa, na kadi.

Majirani walikuja kumpongeza wiki nzima. Mwenye duka aliyekuwa akimkopesha chumvi kwa kushusha pumzi sasa alimwita "mwenye ng'ombe" na kumpa chumvi kwa hiari, na hilo lilimuumiza zaidi ya kunyimwa. Jean-Luc wa gereji alimpigia honi. Jean-Berchmans alituma habari kwamba mguu umeshachongwa, umebaki kupigwa rangi, na je, anapenda kahawia ya kawaida au ya kukoza?

"Mwambie wa kukoza," alisema Révérien, "wa kuzikia."

Lakini Gaudiose hakulia. Gaudiose alifua nguo zake za kanisani na kunyamaza siku mbili, na waliomfahamu walijua anapika jambo.

Ijumaa walifika ofisini saa mbili. Tayari palikuwa na foleni: mama mwenye kesi ya mbuzi, wazee wawili wa vyeti, bwana mmoja aliyekuwa akija kila Ijumaa kulalamika juu ya bomba. Bayingana alikuwa nyuma ya meza na jalada la kijani limefunguliwa. Uso wake haukuwa na raha.

"Mzee, unajua kwa nini nimekuita. Nilikuwepo. Ningetamani nisingekuwepo. Lakini niliona kwa macho yangu, na mimi siwezi kuandika 'hakuna' mahali nilipoona ng'ombe."

"Ulaini wa moyo wako nauelewa," alisema Révérien kwa upole. Alikuwa ameshaitoa kadi mfukoni. "Chukua."

Gaudiose akaisukuma kadi ikarudi mfukoni.

"Bwana Bayingana, naomba kuuliza kitu kimoja. Ulimwona akishika fimbo?"

"Nilimwona."

"Na mkono ngapi?"

Bayingana alitazama mikono yake mwenyewe.

"Mama yako, hapo Gahanga, akikupa sahani ya maharage, unapokea na mkono ngapi?"

"Mbili," alisema Bayingana. "Bila shaka."

"Mtoto wangu nikimpa daftari, akipokea na mkono moja, nafanya nini?"

"Unamnyang'anya!" alijibu mama wa mbuzi kutoka kwenye foleni. "Unamwambia anyooshe zote mbili!"

"Maharage mikono mbili. Daftari mikono mbili. Sasa niambie, katika hii nchi, ni nani aliwahi kupokea ng'ombe na mkono moja?"

Foleni ikahamaki. Mzee wa kwanza alisema yeye hajamwona mtu wa namna hiyo tangu azaliwe. Mzee wa pili alisema aliwahi kumwona mmoja, lakini alikuwa mlevi na ng'ombe alirudishwa. Bwana wa bomba akasimama juu ya benchi apate kuona vizuri.

Bayingana aliinamisha kichwa, akafumba macho. Alikuwa akirudi Gahanga, kwenye matope yale, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki alirudi pole pole bila kuruka kitu. Aliona fimbo. Aliona mkono wa kulia. Ule wa kushoto aliuona juu hewani, unapunga.

"Mmoja," alisema hatimaye. "Alishika na mmoja." Kisha kazi yake ikamkumbusha. "Lakini huenda alitaka kupokea, akaharakisha tu. Nitajuaje kwamba alikuwa anaanguka?"

"Mjaribu," alisema Gaudiose.

Basi Révérien akasimamishwa katikati ya ofisi, mguu umefungwa kwa mpira mpya. Bayingana alichukua rula ndefu ya mbao ya mezani, akainyoosha kama Silvère. "Weka mikono nyuma. Mwachie, mama, asikushike bega. Sasa ongea."

"Niongee nini?"

"Hotuba yako."

"Ndugu zangu," alisema Révérien kwa foleni, "masenge alinipenda, na mimi nilimpenda, na..." Mguu ukalia kwii. Akayumba kushoto, akayumba kulia, jasho likamtoka, foleni nzima ikaegemea upande alioegemea. Alifika mpaka neno "mwezi mmoja". Hapo alikwenda. Aliidaka rula, na pamoja na rula akaidaka tai ya Bwana Bayingana, na wote wawili wakashuka juu ya benchi, mapajani mwa wazee wa vyeti.

Hakuna aliyekumbuka kicheko cha namna ile katika ofisi ile. Mama wa mbuzi alitoka nje kwenda kucheka vizuri. Bayingana alijaribu kusimama na heshima yake, akakosa, akaanza kutetemeka mabega, na kwa mara ya kwanza kwa miaka saba Révérien alimsikia akicheka bila kujizuia, kicheko chembamba cha mtoto.

Alipopata pumzi alirudi kwenye meza, akanyoosha tai, akaandika huku akisoma kwa sauti ili wote wawe mashahidi. "Alishika ili asianguke. Hakupokea." Akapiga muhuri. "Lakini mzee, sikiliza. Siwezi kuacha hapo katikati. Lazima urudi mbele ya watu walewale useme mwenyewe. Unapokea au hupokei. Kuomba mwezi haitasaidia. Mwezi ukiisha fishi itauliza tena, na mguu nitakuwa nimeutoa kwa hila. Hiyo siwezi."

Révérien aliitikia kwa kichwa. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Alijua sasa kwamba atampoteza Gaju, na alishangaa jinsi inavyouma kumpoteza ng'ombe uliyekuwa naye kwa siku tano.

* * *

Jumapili ua wa shangazi ulikuwa umekauka. Pombe ilikuwa kidogo, watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, kwa maana habari ya rula ilishafika Gahanga kabla ya Révérien.

Safari hii aliongea akiwa amekaa.

"Gaju ni mzuri," alisema. "Kama ningekuwa na miguu miwili ningempokea na mikono mbili. Sina. Nimechagua mguu. Masenge atanisamehe, yeye ndiye alikuwa anasema, mtu wa kwanza kuponya ni wewe mwenyewe." Alimgeukia Silvère. "Fimbo imerudi kwenu. Lakini mkiniuliza ng'ombe aende wapi, mimi nawauliza: miaka tisa, mvua na jua, nani alikuwa anamwosha?"

Watu wote walimgeukia Gatera. Gatera alikuwa amesimama nyuma, karibu na zizi, mahali anaposimama mtu ambaye ng'ombe si wake. Hakuwa na ng'ombe, wala baba yake hakuwahi kuwa naye. Silvère aliwatazama wazee wengine wawili wa ukoo, wakaitikia, akanyoosha fimbo.

Gatera alifuta mikono kwenye kaptura, mara mbili, mara tatu. Akaipokea kwa mikono yote miwili, na akalia waziwazi bila kuficha uso. Alimwendea Révérien akapiga goti mbele yake.

"Ukoo ndio umenipa," alisema, "lakini mimi najua aliyenipa. Maziwa ya asubuhi ya Gaju yatafika Gikondo kila Jumapili. Na akizaa jike, nitajua la kufanya."

Révérien alimtupia macho Bayingana, aliyesimama chini ya mgomba uleule. Fishi ilikuwa na mstari wa nyumba, wa redio, wa viti na wa ng'ombe. Mstari wa maziwa haikuwa nao.

"Leo siko kazini," alisema Bayingana, akageuka kuangalia migomba.

* * *

Mguu mpya ulitoka mwisho wa mwezi wa sita, rangi ya kahawia ya kawaida. Jean-Berchmans aliufunga, akakaza, akamwambia tembea. Révérien alitembea kutoka karakana mpaka nyumbani peke yake, akipita mbele ya maghala, mbele ya kanisa, mbele ya duka la chumvi. Aliingia uani. Gaudiose alikuwa ameinama anachagua mchele, na alipohisi kivuli juu yake alipiga ukelele na mchele ukamwagika wote.

"Nani?"

"Mume wako."

"Mbona sijakusikia?"

Wakatazamana. Kwa miaka saba mkewe alikuwa akimsikia anaporudi tangu kona ya barabara. Gaudiose alikaa chini kwenye mchele na kumshika kifundo kipya, akakikunja, akakikunjua, analia na kucheka, wala hakuna aliyeokota mchele mpaka jioni.

Jean-Luc alimsimamisha saa nzima katikati ya gereji, kama alivyosema, mafundi wote wakihesabu dakika na kumrushia utani. Jumatatu akashuka shimoni chini ya lori. Redio ilikuwa na habari nyingi mwaka ule, za vita kaskazini na bei ya sukari. Nyumbani kwa Révérien waliisikiliza, wakaipiga kofi, wakaendelea na chakula. Kila Jumapili maziwa yalifika.

* * *

Mwezi wa tano ulipozunguka, serikali ilirudi Gikondo kuangalia mguu. Bayingana alikataa chai mara moja tu safari hii.

"Unisamehe, mzee. Lazima nione."

"Hii imeota," alisema Révérien, akapandisha suruali. "Tazama. Lakini imeota ya mti."

Wakati Bayingana anaandika viti, mlango wa ua ulifunguliwa. Aliingia Gatera, vumbi mpaka magotini, ametembea kutoka Gahanga tangu alfajiri. Nyuma yake, kwa kamba ya migomba, alikuja ndama jike mwekundu, mwembamba wa miguu, anayeshangaa kila kitu cha mjini. Ndama alimwona Alida, akakohoa. Majirani walianza kuchungulia juu ya ukuta.

Gatera hakusema maneno mengi. Gaju amezaa jike. Aliyepewa ng'ombe humrudishia aliyempa. Atamchunga mwenyewe huko Gahanga mpaka akue. Akanyoosha fimbo.

Gaudiose aliweka mikono mdomoni. Elfu mbili za posho ya kadi ya ulemavu kila mwezi bado zilimlipia Alida shule. Kwa mshahara wa gereji peke yake wangejibana, na walishajadili hilo usiku mwingi bila kufika. Bayingana naye alifunga jalada haraka na kuanza kuinuka.

"Mimi nilishamaliza," alisema. "Nilikuwa ninaondoka. Sijaona mtu, sijaona..."

"Kaa, Bwana Bayingana," alisema Révérien. "Chai yako haijaisha."

Alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama kwa muda, akashusha mikono kutoka mdomoni, akaitikia kwa kichwa.

Révérien akasimama. Alisogea hatua tatu mpaka katikati ya ua, mahali pasipo na ukuta, wala mti, wala bega la mtu, na hakuna kilicholia. Alisimama hapo mpaka majirani wakanyamaza, mpaka ndama akanyamaza, kwa sababu alitaka kila mtu aone vizuri kwamba haanguki. Kisha akanyoosha mkono wa kulia. Akanyoosha na wa kushoto. Akaipokea fimbo.

Vigelegele vilianza ukutani vikaenda mpaka barabarani. Bayingana alikuwa amesimama, anapiga makofi na kalamu mkononi, wino umemrukia suruali iliyonyooka, wala hajui.

"Sasa fungua jalada," Révérien alimwambia. "Andika. Ng'ombe: iko."